Saa Mbili Kabla ya Vifaru

Katika Camp de Thiaroye vita vimekwisha kabla hujakaa vizuri kitini. Meli imeingia Dakar, mwezi ni Novemba 1944, na askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Ufaransa wanashuka, mikoba mabegani, sare za Kimarekani mwilini. Wengi walitekwa na Wajerumani mwaka 1940 wakakaa mateka miaka minne. Sasa wamerudi barani kwao. Kilichobaki ni kulipwa malimbikizo ya mishahara na kiinua mgongo, kubadilishiwa faranga walizokuja nazo, kisha kila mmoja ashike njia ya kwao. Mtazamaji aliyezoea filamu za vita anategea mlio wa bunduki. Atategea zaidi ya saa mbili.

Filamu hii ilitolewa mwaka 1988 na Ousmane Sembène akishirikiana na Thierno Faty Sow, wote wawili Wasenegali, na mwaka huohuo ikapata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Venice. Kisa chake kilitokea kweli. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye nje kidogo ya Dakar, jeshi la Ufaransa liliwamiminia risasi askari wake lenyewe kwa kuwa walidai haki yao kabla ya kutawanyika. Serikali ilitangaza vifo 35. Wanahistoria wameipinga hesabu hiyo kwa miaka mingi, na wapo wanaotaja mamia. Mwongozaji mwingine akipewa kisa kama hicho angekimbilia damu. Sembène anatuketisha kwanza na sufuria ya chakula, halafu na nguo, halafu na noti za fedha, na kila kimoja anakipa muda wake.

Nimeitazama mara kadhaa, na kinachonirudisha ni subira hiyo. Ni subira ya fundi anayejua uzito wa kila ubao kabla hajaupigilia msumari. Ina makosa pia, na sitayaficha, lakini kwanza nionyeshe kazi ilivyojengwa.

Chukua chakula. Kambini askari wanapakuliwa kitu kisicholika, nao wanakikataa. Wanauliza nyama iko wapi. Wanajua kwamba maofisa wanakula nyama, na wanajua pia kwamba walipokuwa Ulaya risasi hazikubagua nani mla nyama na nani mla uji. Kamera haiwafuati mmoja mmoja kutafuta uso wa shujaa. Inakaa mbali kidogo, inawachukua kundi zima, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa, huyu anasema, yule anadakia, wa tatu anatikisa kichwa. Aliyekulia karibu na baraza atautambua mpangilio huo papo hapo. Uamuzi haushuki kutoka juu, unazungushwa mpaka kila mtu ameugusa. Na kwa kuwa tumeona jinsi uamuzi mdogo wa chakula unavyofikiwa, baadaye tunauamini uamuzi mkubwa wa kukataa fedha nusu. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza kwamba watu hawa wamejifunza kusema kwa sauti moja. Tumewaona wakijifunza wakiwa na sahani mkononi.

Kisha nguo. Amri inatoka kwamba sare za Kimarekani zirudishwe, na askari wapewe tena mavazi ya jeshi la kikoloni na tarbushi nyekundu. Kwa mtu wa stoo hilo ni jambo la kuandikisha daftarini tu. Kwa Sembène ni kuvuliwa cheo mbele ya wenzako. Ameshaiandaa mapema maana ya vazi hilo kwa tukio ambalo kwangu ni mojawapo ya mazuri kuliko yote katika filamu. Sajini Meja Diatta anaingia mjini Dakar, katika danguro moja, amevaa sare ya Kimarekani. Anakaribishwa kwa furaha, maana wanamdhani Mmarekani mweusi. Anapojulikana kuwa ni Mwafrika wa pale pale, mlango unageuka kuwa ukuta. Mwili ni uleule, ngozi ni ileile, Kifaransa chake hakijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanajua katokea wapi. Tukifika kwenye foleni ya kurudisha sare, hatuhitaji kuelezwa chochote. Tunaona kitambaa kinavuliwa na tunajua thamani yake.

Halafu fedha. Askari wana faranga za Ufaransa mfukoni na wanaambiwa watabadilishiwa kwa nusu ya thamani. Wanahojiwa wamezipataje, kana kwamba askari mweusi mwenye noti lazima amemwibia maiti. Hapa Sembène yuko nyumbani kabisa. Miaka ishirini nyuma, mwaka 1968, alishatengeneza filamu nzima, Mandabi, juu ya mtu mmoja anayeshindwa kuchukua fedha zake halali kwenye dirisha la ofisi. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kisa hicho, maana Amandina Lihamba alikigeuza kuwa tamthilia yetu, Hawala ya Fedha. Katika kazi zote mbili dhuluma haiji na panga. Inakuja na fomu, na karani, na kiwango cha kubadilishia fedha. Sembène ndiye mwongozaji ninayemjua anayeweza kufanya hesabu ya kutoa na kujumlisha ikutie jasho viganjani.

Alijua anachokisema. Yeye mwenyewe aliitwa jeshini mwaka 1944 na kuhudumu katika jeshi hilohilo la kikoloni. Baada ya vita akawa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akiwa karibu na umri wa miaka arobaini akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu, kwa sababu aliona watu wake wengi hawawezi kusoma vitabu vyake. Mtu aliyepanga foleni ya chakula cha jeshi haandiki foleni kwa kubahatisha.

Sasa nije kwa Pays. Ningetamani niandike makala nzima juu yake peke yake.

Pays ni jina la utani, na kwa Kifaransa maana yake ni nchi. Alifungwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, na kilichomkuta huko kimemwondolea ulimi. Hasemi. Anatoa sauti tu, za koo, na macho yake yanafanya kazi yote iliyobaki. Kichwani anavaa kofia ya chuma ya Kijerumani, na havui. Aliyemwigiza ni Sidiki Bakaba wa Côte d'Ivoire, na sidhani kama katika filamu za Afrika za miaka ile kuna mwigizaji aliyefanya makubwa zaidi kwa maneno machache zaidi.

Askari wanapofika Thiaroye, Pays anaiona seng'enge. Anaona na minara ya walinzi. Wenzake wanaingia kambini kama watu wanaofika kituo cha njiani, yeye anausogelea waya na kuushika. Mkono unakwenda polepole, kama unagusa kitu unachokijua gizani. Mwenzake anakuja kumtuliza na kumweleza kwamba hapa ni Afrika, wamerudi, yamekwisha. Maneno ni ya upole na yana akili. Lakini mkono wa Pays uko kwenye waya, na waya ni uleule. Sembène hakuweka muziki mkubwa hapo wala kumleta mtu wa kufafanua. Aliwacha watu wawili na miba.

Tazama jinsi tukio hilo linavyokuja kulipwa. Mwishoni kabisa, usiku, askari wamelala baada ya kucheza na kushangilia, kwa sababu jenerali amewaahidi kwa heshima ya cheo chake kwamba faranga zao zitabadilishwa kwa thamani kamili. Pays yuko zamu. Anaona vifaru vinakuja gizani. Anakimbia kuwaamsha wenzake, anawavuta, anaonyesha kwa mikono, anatoa zile sauti zake. Nao wanamwonea huruma. Wanadhani amerudi Buchenwald kichwani mwake, kama kawaida yake. Wanamwambia alale.

Kwa zaidi ya saa mbili tumefundishwa kumpenda Pays na kumhurumia, na huruma hiyohiyo ndiyo inayowaua. Hakuna msaliti kati yao wala mzembe. Wanamfanyia mgonjwa wao kile ambacho mtu mwema angefanya. Najua filamu nyingi za vita zenye miisho ya kutisha, lakini chache zimeuandaa mwisho wao kutoka mbali hivi, kutoka kiganja kimoja kwenye waya mmoja. Filamu ingeharakisha mwanzoni ili tufike mapema kwenye vifaru, Pays angekuwa kichaa mwenye kofia tu.

Kuna ufundi mwingine ambao mtazamaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuusikiliza, nao ni lugha. Askari hawa waliitwa Tirailleurs Sénégalais, ingawa walitoka kila koloni la Ufaransa Afrika Magharibi na ya Kati. Wao kwa wao wanasema kile Kifaransa cha kambini kilichokatwakatwa, vitenzi bila minyambuliko, sentensi fupi kama amri. Sisi tulikuwa na ndugu yake. Wazee wetu wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopelekwa Bama walisema Kiswahili cha jeshi ambacho wataalamu walikuja kukiita KiKAR, chenye upatanisho wa ngeli uliopunguzwa hadi karibu kwisha, lugha ya kuamrisha iliyogeuzwa na waliopewa ikawa lugha ya udugu. Sembène anafanya hivyohivyo. Kinywani mwa ofisa Kifaransa kile ni dharau. Wakiketi askari wa Kongo, wa Niger na wa Gabon na kujadiliana kwa lugha hiyohiyo, unasikia ikipata akili na mizaha na hata hasira yenye mpangilio. Naye Diatta, anayesema Kifaransa safi kuliko baadhi ya wakubwa zake, anakuta kwamba usafi huo haumsaidii kitu. Unawaudhi zaidi.

Diatta ndiye ananipeleka kwenye udhaifu.

Ibrahima Sane anamwigiza kwa utulivu na mgongo ulionyooka, na sina lawama kwake. Lawama ni kwa maandishi. Diatta amesoma, ana vitabu na santuri, anajua lugha kadhaa, ana mke Mfaransa na binti huko Ulaya, ana adabu, ana ujasiri. Kila anapobishana anashinda. Mtu asiye na kasoro hata moja ni vigumu kumshika mkono. Sembène alikuwa anawajibu wale waliowaita watu wake washenzi, na jibu lake ni mtu aliyewazidi ustaarabu. Naielewa haja hiyo, hasa katika wakati wake. Hata hivyo yapo mazungumzo, hasa yale kati ya Diatta na Kapteni Raymond, yule Mfaransa mwenye roho nzuri, ambamo wahusika wanapotea na hoja zinabaki zikisemezana. Pays asiyesema neno ana uhai kuliko Diatta mwenye maneno yote.

Ugonjwa huohuo umewapata maofisa wa Kifaransa. Ukimwondoa Raymond, wamekatwa kwa mkasi mmoja: wakali, wenye dharau, wepesi wa kupaza sauti. Sisemi kwamba hapakuwa na watu wa namna hiyo, makoloni yaliwajaa. Nasema filamu iliyompa karani wa fedha uzito mkubwa vile ingeweza kumwonyesha hata ofisa mmoja anayetia saini amri ile huku anajua kabisa anachofanya, anawapenda wanawe, na analala usingizi. Huyo angetisha zaidi. Jenerali anakaribia kuwa mtu huyo katika tukio la ahadi, wakati askari wamemzingira na yeye anajitolea neno lake. Kwa dakika chache hujui kama anadanganya au anajidanganya. Kisha filamu inamwacha.

Pia majina. Askari wengi wanaitwa kwa nchi zao, na hivyo kila mmoja anabeba bara zima kidogo mgongoni. Kama alama, inafanya kazi, na katika mijadala ya kundi inapendeza. Lakini wanapouawa, tunawalilia wengi kwa pamoja na wachache tu kwa sura. Wanawake nao wamewekwa pembeni mno. Jamaa za Diatta wanakuja kambini na kuleta habari ya Effok, kijiji chao cha Casamance, kilichoshambuliwa na Wafaransa kwa ajili ya mpunga, wazazi wake wakauawa yeye akiwa vitani upande wa Wafaransa haohao. Ni habari nzito kupita kiasi, na Sembène alishaitengenezea uzito wa namna hiyo filamu nzima, Emitaï, mwaka 1971. Humu inapita haraka, halafu waliokuja nayo wanasahauliwa.

Sehemu ya katikati, baada ya askari polisi wa Kimarekani kumpiga Diatta na wenzake kumkamata Mmarekani mmoja kulipiza, inalegea. Ina matukio ya kupendeza na hata ya kuchekesha, ila inachukua nafasi kuliko inavyorudisha. Subira ninayoisifu ni ile inayopanda kitu. Hapa kwa muda mrefu filamu inazunguka shambani bila jembe.

Na usiku wa vifaru wenyewe? Kitaalamu ni sehemu dhaifu. Milipuko inajirudia, moshi unaficha kilichokosekana, na unahisi mtayarishaji alikuwa na vifaru vichache na muda mfupi. Ukitoka kutazama filamu kubwa za Marekani utaona tofauti ya fedha kwa macho. Indigènes ya Rachid Bouchareb, iliyotoka mwaka 2006 juu ya askari wa Afrika Kaskazini, inaipita mbali katika mapigano. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni jingine: kihistoria risasi za Thiaroye zilipigwa asubuhi. Kambi ilizingirwa alfajiri, askari wakatolewa nje, wakapigwa jua limeshatoka. Sembène aliuhamishia usiku mauaji hayo, na bila usiku asingekuwa na Pays katika zamu yake. Kama fundi, namwelewa. Lakini giza linawapa wauaji kisitiri ambacho hawakuwa nacho siku ile. Waliowapiga waliwaona nyuso. Filamu inaacha pia kilichofuata, kwamba 34 kati ya walionusurika walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuhukumiwa kwa uasi, mpaka waliposamehewa mwaka 1947. Kwa mtu aliyejua sana kuonyesha dhuluma ya karatasi, nasikitika hakutuachia chumba kile cha mahakama.

Niweke jambo moja upande wa pili wa mizani, maana linahusu namna kazi ilivyofanyika. Filamu hii iligharimiwa na Senegal, Algeria na Tunisia, bila fedha za Ulaya. Mpiga picha alikuwa Smaïl Lakhdar-Hamina wa Algeria, mhariri Kahena Attia wa Tunisia, muziki ukatungwa na Ismaël Lô, ambaye pia yumo miongoni mwa askari. Watu wa nchi tatu waliokuwa chini ya bendera moja ya kikoloni walikaa pamoja kutengeneza dakika 153 juu ya baba zao. Mwanga wa mchana ule mkali juu ya mchanga wa kambi, vivuli vifupi, ukuta mweupe wa banda, vyote vimepigwa na mtu anayelijua jua la namna hiyo na asiyeliogopa. Uhariri nao una adabu. Attia haukati uso wa mtu anayesikiliza ili kukimbilia anayesema, na katika filamu ya mabaraza, nyuso za wasikilizaji ndizo hadithi. Sioni ni vipi kazi hiyo ingetoka vilevile kama stakabadhi zake zingesainiwa Paris. Na Ufaransa yenyewe, filamu ilikaa miaka mingi bila kupewa nafasi ya kuonyeshwa.

Picha za mwisho zinaonyesha vijana wapya wa Kiafrika wakipelekwa Ulaya, sare mpya, waagaji wakipunga mikono. Wakati huo wenzao wameshafukiwa. Hakuna anayewaambia.

Sembène alifariki mwaka 2007. Mwaka 2024 nakala iliyosafishwa ya filamu yake ilionyeshwa Cannes, na mwezi Novemba mwaka huohuo, siku chache kabla ya kumbukumbu ya miaka 80, Rais wa Ufaransa alimwandikia barua Rais wa Senegal akikiri kwamba yaliyotokea Thiaroye yalikuwa mauaji ya halaiki.

Ukibahatika kuipata, tenga jioni nzima. Usiipeleke mbele kwenye sehemu za chakula na nguo kwa haraka ya kufika kwenye vifaru. Na Pays anaposogelea waya kwa mara ya kwanza, mtazame mkono.